Harusi ya Miwa Tegalmanis

Msiniletee mimi habari za urithi. Juzi kaja binti mmoja hapa, kamera inamning'inia shingoni, ananiambia, "Mama Warsi, tunataka kuhifadhi historia ya kinu." Nikamwambia, "Hifadhi, binti yangu, nani kakuzuia? Ila usinipige picha ukaniambia nicheke, maana sicheki." Akanipiga hivyo hivyo. Nasikia nimetoka nimenuna.

Na kwa nini nisinune?

Mimi ni mpambaji wa maharusi. Nimepamba mabinti wa Tegalmanis tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nimepamba miwa. Kwetu kinu cha sukari hakifungui msimu mpaka miwa miwili ioane. Mweusi ndiye bwana, wa manjano ndiye bibi, na kila mmoja anatoka shamba lake, maana hakuna mtu anayeoa dada yake. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha. Unatafuta muwa ulionyooka, usiotobolewa na mdudu. Unauliza ulipandwa siku gani, unaihesabu siku hiyo ya juma pamoja na siku ya gulio iliyoangukia, kama unavyohesabu siku za kuzaliwa za kijana na binti kabla watu hawajapokea posa. Hesabu zikigombana unaacha, unatafuta mwingine. Zikipatana unawavisha batiki, unawafunga asumini, imamu anasoma dua, ngoma na upatu zinapigwa, na maharusi wanabebwa mpaka kwenye yale magogo ya chuma yanayokamua miwa. Wanaingia pamoja, wanatoka maji matamu. Hapo msimu umefunguliwa.

Na siku hiyo hiyo mapanga yanaanza. Hili mlisikie vizuri, maana ndilo lililotumaliza. Kabla maharusi hawajasagwa, hakuna anayethubutu kukata hata muwa mmoja. Wakishasagwa, anayelala bila kukata anaambiwa amewafungia maharusi mlango, na atachekwa mwaka mzima, yeye na mkewe na mbuzi wake. Muwa nao ukishakatwa haungoji mtu. Siku mbili tatu juani, sukari imekimbia, umebaki na kuni. Kwa hiyo anayetujua anajua: tuonyeshe maharusi wanaingia kwenye magogo, na kufika jioni bonde zima tumelilaza chini. Bwana Hendarto alitujua.

Kinu chenyewe tulikuwa na kila haki ya kukichukia. Waholanzi walikijenga kwa migongo ya babu zetu. Walichukua mashamba ya mpunga wakasema mwaka huu mtapanda miwa, na mwaka huo haukwisha. Babu yake mume wangu alibeba matofali ya ile dohani ya kutolea moshi, akaanguka nayo kutoka juu, wakamfunika gunia na kazi ikaendelea. Wakaja Wajapani, wakang'oa vyuma walivyovitaka, wakatuacha tunachimba mizizi porini. Nao wakaondoka. Nchi ilipokuwa yetu, baba mkwe wangu alipanda juu ya dohani ile ile iliyomuua baba yake, akafunga bendera. Tangu siku hiyo tukasema kinu ni chetu. Hakuna aliyetupa, tulijipa wenyewe.

King'ora kikilia alfajiri, wanawake wanabandika wali. Kikilia jioni, watoto wanatoka mtoni. Msimu wa kusaga kijiji kizima kilinuka sukari inayochemka, mpaka nguo ulizoanika uani ukizivaa mtu anakuuliza umepika nini. Marehemu mume wangu, Sakiman, alisimama kwenye magogo miaka yote ya nguvu zake, na magogo yakamla vidole viwili. Wageni wakija nyumbani alikuwa anawatania, "Kunyweni chai, msiogope, vidole vyangu walishavichuja." Mimi sikuwa napenda utani ule. Leo ningelipa nini niusikie tena.

Halafu kinu kikaanza kufa, na hakikufa kifo cha Mungu. Kila meneja alikuja na gari moja akaondoka na mawili. Chuma kikivunjika wanafunga waya. Sukari ya nje ikajaa madukani, nyeupe pe, na wakubwa wakagundua kuwa yetu ina rangi mbaya. Wenye mashamba makubwa wakajiandikisha kwenye kinu kipya ng'ambo ya mto, ambacho hakipokei muwa wa mtu asiyejiandikisha hata upige magoti. Sisi wadogo tukabaki na chetu. Msimu mmoja king'ora kikanyamaza. "Matengenezo," wakasema. Msimu wa pili, matengenezo tena. Tukaona malori yanatoka getini mchana kweupe, yamebeba mizigo mikubwa imefunikwa maturubai. Tukaambiwa hayo ni maboila, yale matangi ya mvuke yanayoendesha kinu, yanapelekwa Surabaya kutengenezwa. Watu walisimama barabarani wakayapungia mkono. Waliyapungia mkono, jamani!

Ndipo akaja huyu Hendarto. Meneja mpya, kijana wa mjini, mpole, akikusalimia anainama na mkono kauweka kifuani. Alisimama mbele ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa akasema, "Wazee wangu, mama zangu, pandeni miwa. Mwakani kinu kinasaga. Na harusi itakuwepo, kubwa kuliko zote."

Angesema mkutano, tungemcheka. Angesema wataalamu, tungemzomea. Lakini alisema harusi. Nani anadanganya kwa harusi?

Mimi mtoto wangu ni mmoja tu, Giyono. Alikuwa ameshakaa Malaysia miaka na miaka kwenye mashamba ya michikichi. Baba yake alipokufa hakuja kumzika, hakuruhusiwa, akanipigia simu akalia mpaka salio likaisha. Tangu siku ile nilikuwa na haja moja tu duniani: mwanangu alale chini ya paa langu. Siku hiyo ya Ijumaa nikampigia.

"Rudi nyumbani. Kinu kinafunguliwa."

"Mama, umeshaniambia hivyo mara mbili."

"Safari hii kuna harusi."

"Kweli kuna harusi?"

"Wewe mtoto, mpambaji ni mimi au wewe?"

Akarudi. Akapanda shamba la baba yake lote, akafukua mitaro, akapalilia mpaka mikono ikapasuka. Paa lililokuwa linavuja akaliziba. Jioni anakaa barazani na sigara yake ya karafuu, ananisikiliza nikilalamika, anacheka. Siku moja akaniambia bila kunitazama, "Miwa hii ikisagwa, Mama, kule sirudi tena. Isiposagwa, hapa sina cha kukaa nikitazama." Nikamwambia itasagwa. Nilisema kwa kiburi kabisa.

Maharusi niliwachagua mwenyewe. Bwana alitoka shamba la Mama Tumini, jirani yangu, bibi alitoka bondeni. Nilihesabu siku zao mara ya kwanza zikapatana, nikahesabu tena mbele ya Tumini, zikapatana. Tumini akasema, "Shoga, hawa wanapatana kuliko mimi na mume wangu."

"Wewe na mumeo mlihesabiwa na nani?"

"Na wewe!"

Tukacheka. Tulikuwa bado tunacheka wakati ule.

Siku ya harusi walijenga turubai kubwa, wakaweka vipaza sauti, wakaleta mgeni rasmi kutoka Jakarta na mkewe mwenye miwani ya jua. Bwana harusi tulimwita Joko Wulung, bibi harusi Roro Kuning. Niliwapamba vizuri, nasema mwenyewe, maana hakuna aliyebaki wa kunisifia. Tulipokuwa tunawabeba kuelekea kinuni nikainua macho. Dohani haikuwa na moshi.

Mzee Dulkamid alikuwa kando yangu. Huyu ndiye aliyekuwa akichochea moto wa maboila tangu ujana wake mpaka walipomstaafisha, mtu wa mzaha hata msibani. Nikamnong'oneza, "Mbona hamna moshi?"

"Labda wanapikia gesi," akasema, lakini naye alikuwa anaangalia juu.

Nikamwendea Hendarto. "Bwana Meneja, moto uko wapi?"

Akainama, mkono kifuani. "Siku hizi tunatumia umeme, Mama. Mambo ya kisasa."

Na kweli, wakabonyeza kitu, magogo yakazunguka. Yalikuwa yamepakwa rangi ya kijani mpya. Joko Wulung na Roro Kuning wakaingia pamoja, wakalia kraa, maji yakatiririka, mke wa mgeni rasmi akapiga makofi na kamera zikawaka. Upatu ukalia. Wanaume wakapiga yowe moja, wakakimbia. Kila mtu na panga lake, kila mtu na shamba lake, wanawake nyuma na chakula. Giyono alinipita mbio, akanishika bega, akasema, "Mama, leo leo!" Jua lilipozama miwa ilikuwa imelala mpaka ukingo wa mto.

Kesho yake wakaipeleka. Malori ya kukodi, mikokoteni ya ng'ombe, pikipiki, kila kitu chenye gurudumu. Geti limefungwa.

"Leo mitambo inapumzika," mlinzi akasema. "Njooni kesho."

Kesho yake tena, "Meneja ana kikao." Jua linawaka, na ule unyevu wa miwa uliokuwa unanata vidoleni ukaanza kukauka. Giyono alikuwa anang'ata muwa mmoja mmoja kwenye mzigo wake na kutema. Walikwenda watu kule ng'ambo ya mto kuomba, wakarudishwa. Siku ya tatu alfajiri Giyono aling'ata muwa, akautafuna, akaumeza. Akashuka kutoka juu ya lori, akachukua nondo, akaenda getini.

Sikumzuia. Nilimshikia taa.

Tuliingia watu kama hamsini, Mzee Dulkamid mbele kwa sababu ndiye aliyeijua njia. Chini ya yale magogo ya kijani palikuwa na doa jeusi limejaa sisimizi. Yale maji ya maharusi yalimwagika sakafuni. Bomba lililopaswa kuyapokea lilikuwa limekatwa, na mdomo wake wameuziba kwa gunia. Nikasimama pale naangalia sisimizi. Dulkamid alikuwa ameshapita kwenda chumba cha maboila, na tukamsikia anatukana. Huyu mzee nilikuwa sijawahi kumsikia akitukana maishani.

Chumba cha maboila kilikuwa kitupu. Si kitupu, samahani. Kilikuwa kimepakwa chokaa, kimefagiliwa, kimejaa viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na fundo la utepe mgongoni. Mbele jukwaa. Juu ya jukwaa viti viwili vya dhahabu, vya maharusi. Taa za vioo zilikuwa bado kwenye maboksi.

"Ukumbi," mtu akasema nyuma yangu. "Wanafanya ukumbi wa harusi."

Dulkamid akakaa kwenye kiti kimoja cha dhahabu, akatutazama. "Haya," akasema, "nani ananioa?" Hakuna aliyecheka. Mwenyewe aliinamisha kichwa akaanza kulia.

Basi ndiyo ilikuwa maana ya harusi yetu. Mgeni wa Jakarta alitaka kuona mila kabla ya kukubali kufungua milango kwa watalii na matajiri wanaotafuta pa kuoana. Wakampa mila. Wakachukua mikono yangu hii, wakampikia mila mbichi mbele ya macho, na sisi tuliokimbia na mapanga tulikuwa sehemu ya burudani. Hivi kweli mtu alikaa mezani, akafikiri, akajua kwamba watakata, akasema basi wakate? Alikaa. Alifikiri. Ndilo linalonikosesha usingizi hadi leo. Mtu mjinga ningemsamehe.

Watu hawakuvunja hata kiti kimoja. Walitoka nje, wakaanza kushusha miwa. Waliishusha mbele ya geti, lori baada ya lori, mkokoteni baada ya mkokoteni, wakairundika mpaka ikapita urefu wa ukuta, na geti la nyuma vivyo hivyo. Hendarto alikuwa ofisini kwake ndani. Gari lake ndani. Polisi wa tarafa walikuja, wakatazama ule mlima wa miwa, wakasema wanakwenda kuita wenzao. Hatukuwaona tena mpaka jioni.

Adhuhuri mlinzi akachungulia kwenye dirisha la ofisi linalotazama barabarani. "Mama Warsi! Meneja anakuita. Njoo na mwanao."

Tulipitia dirishani kama wezi. Hendarto alisimama, akainama, mkono kifuani. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mama, watu wanakuheshimu. Neno lako moja litawatuliza."

"Neno gani?"

"Sema hesabu hazikupatana. Siku za maharusi. Sema umegundua baadaye kuwa zinagombana, ndiyo maana kinu kimekataa. Ni mila, watakubali. Watahuzunika, watakwenda nyumbani. Hakuna atakayeumia."

"Mwakani je?"

"Mwakani tutaangalia."

"Mtaangalia nini? Mtasaga viti?"

Akamgeukia Giyono, na sauti yake ikawa laini zaidi. "Ukumbi utahitaji msimamizi. Sitaki mtu wa mjini, nataka wa hapa hapa. Kuna nyumba ndani ya ua huu, kuna sare, kazi ya mwaka mzima, si ya msimu. Nilikuwa namfikiria Giyono tangu mwanzo."

Mwongo mkubwa. Jina la mwanangu alilijua asubuhi ile ile. Lakini nisiwadanganye na mimi: moyo uliruka. Nilimwona Giyono anakuja kula wali wangu jioni, anatoka kwake pale, hatua chache tu. Nilimwona ameoa. Niliona kila kitu nilichokuwa nakiomba usiku na mchana, kimewekwa mezani, na bei yake ni mimi kusema nimekosea kuhesabu. Nilikasirika kwa jinsi nilivyokitaka.

"Mama," Giyono akasema. "Sema tu."

Nikamgeukia. "Niseme nini?"

"Sema umekosea. Watakununia mwezi, wataacha."

"Giyono, wataniambia nimeua miwa yao."

"Imeshakufa! Ukisema ukweli itafufuka? Mimi sitaki kurudi kule, Mama. Wewe hukujui kule. Nilikuwa nakuambia kuzuri. Si kuzuri."

Hilo alikuwa hajawahi kuniambia. Miaka yote ile, "Niko salama, Mama, tunakula vizuri, Mama." Nikamtazama, nikamwona mtu mzima aliyechoka, na nyuma yake huyu mpole ameweka mkono kifuani anasubiri. Ni ule mkono. Laiti angekuwa ameuweka mfukoni, sijui ningesema nini. Lakini alikuwa ameuweka kifuani, kama tuko msibani na yeye kaja kutoa pole, na nyongo ikanipanda mpaka machoni.

Nilipita dirishani, nikaenda kwenye turubai lao ambalo walikuwa hawajalishusha, nikawasha kipaza sauti chao.

"Hesabu zilipatana!" nikasema. Sauti ikaenda bonde zima. "Tumini, ulikuwepo, zilipatana! Joko Wulung na Roro Kuning hawana kosa. Maboila yameuzwa. Mle ndani mmeona wenyewe, wameweka viti vya dhahabu, matajiri waje waoane. Walijua tutakata. Walijua, na walituacha tukate! Na sasa huyu bwana ameniita aniambie niseme nimekosea mimi, mpambaji wenu, na malipo yangu ni mwanangu apewe kazi ya kulinda viti vyao. Giyono huyu hapa dirishani. Muulizeni. Mama asiye na haya angekubali. Sikubali! Mchana huu wa Mungu, mbele yenu, sikubali!"

Walipiga yowe kubwa kuliko la siku ya harusi. Tumini alilia. Dulkamid alikuja akanishika mikono yote miwili. Nami nikamtafuta Giyono dirishani, na hakuwepo.

Mtataka kujua kilichofuata. Hendarto alitolewa usiku na polisi, akahamishwa, nasikia amepandishwa cheo huko alikokwenda. Miwa ilioza getini mpaka ikanuka pombe, mwishowe tingatinga likaisukuma mtoni. Ukumbi ulifunguliwa baada ya miezi michache. Mpambaji wao anatoka mjini, na kila Jumamosi anavisha miwa miwili batiki kwa ajili ya wageni, hata siku hahesabu. Magogo ya kijani yanawasaga. Wageni wanakunywa yale maji kwa vikombe vidogo.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini watu, hawa hawa wangu niliowasemea, hawakumwacha mwanangu. Utani, kwanza. "Bwana Msimamizi, umeamkaje?" "Giyono, sare imekutosha?" Walikuwa wamepoteza mazao yao na hawakuwa na Hendarto wa kumkamata, wakamkamata aliye karibu. Hakuchukua hata kiti kimoja, na wakamwita mtu wa viti. Nilitoka nje nikawatukana mmoja mmoja kwa majina ya wazazi wao. Ikawa mbaya zaidi.

Siku aliyofunga begi nilisimama mlangoni.

"Hukufanya kosa lolote," nikamwambia.

"Najua."

"Basi unakwenda wapi?"

Alikunja shati lake, akalikunjua, akalikunja tena. "Ungeweza kusema yote, Mama. Maboila, viti, Hendarto, yote. Ungenitoa mimi tu."

"Nilikuwa na hasira."

"Ulikuwa nayo," akasema. "Hata sasa unayo." Akaubusu mkono wangu, akautia kwenye paji la uso kama nilivyomfundisha akiwa mdogo, akaenda zake.

Mvua za kwanza zimenyesha mwezi huu. Muwa ukiukata, mzizi haujui kuwa kinu kimekufa. Shamba zima la Giyono limechipua tena, kijani kibichi, mistari imenyooka kama alivyoipanda yeye, kana kwamba kuna mtu anaisubiri miwa. Tumini ananiambia niwaachie mbuzi waile. Sitaki. Nachukua jembe kila asubuhi naung'oa muwa shina kwa shina, mgongo unaniuma, na kila shina namtukana Hendarto, na likitoka namtukana tena.

Jana Giyono alipiga simu kutoka kule. Aliniuliza habari za Tumini, habari za paa. Halafu akaniuliza, polepole, "Mama, miwa imechipua?"

Nilikuwa nimesimama katikati yake, imenifika magotini, na nilijua nikisema ndiyo atarudi.

"Hapana," nikamwambia. "Ilikufa yote."